Fimbo ya Kolekole: Kutoka Mwanzi hadi Nyuzi za Kaboni

Fimbo ya popa ni fimbo nzito ya kuvulia baharini iliyoundwa kwa kazi mbili zisizopatana. Kazi ya kwanza ni kurusha: kutupa chambo bandia cha gramu 100 hadi 200 umbali wa mita 50 au zaidi, tena na tena, kuanzia alfajiri mpaka jua linapokuwa kali. Kazi hiyo hutaka fimbo nyepesi inayorudi upesi ikishapindwa. Kazi ya pili ni kuzuia. Samaki akishadaka chambo ana sekunde chache tu za kukimbilia matumbawe, na fimbo lazima imgeuze kabla hajafika. Hapo panatakiwa nguvu, na uwezo wa kupinda sana bila kuvunjika. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu chochote kilichoweza kufanya yote mawili: mwanzi uliorusha vizuri ulivunjika, na mti uliozuia vizuri haukurushika. Historia ya fimbo hii ni historia ya kuwapatanisha wapinzani hao wawili, na kila upatanisho ulipopatikana, udhaifu ulihamia mahali pengine.

Popa yenyewe ni kipande cha mti au plastiki chenye uso uliokatwa bapa au kuchimbwa kama kikombe. Mvuvi akiivuta kwa mkupuo, uso ule hukumba maji, hutoa mlio mzito kama wa jiwe lililotumbukia kisimani, na kuacha wingu la povu nyuma yake. Stikibeti, chambo kingine cha fimbo hii, haina kikombe. Ni ndefu, imechongoka kama samaki, na huyumba kushoto na kulia kwenye uso wa maji au chini yake kidogo, mithili ya samaki aliyejeruhiwa na kutengwa na kundi. Popa huita kwa kelele, stikibeti hudanganya kwa mwendo. Zote hufanya kazi ikiwa tu mkono wa mvuvi unazipa uhai, na mkono huo hufika kwenye chambo kwa kupitia fimbo.

Samaki anayelengwa kuliko wote ni kolekole mkubwa, ambaye wataalamu humwita Caranx ignobilis na ambaye baadhi ya wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki humwita karambisi. Anaenea Bahari ya Hindi yote, kuanzia Bahari ya Shamu na ufuko wa Afrika, hadi Hawaii katikati ya Pasifiki. Anaweza kufikia urefu wa mita 1.7 na uzito wa kilo 80. Wahawaii humwita ulua. Wajapani wanamwita ronin-aji, jina lililotokana na ronin, samurai asiye na bwana, kwa kuwa kolekole mzee hutembea peke yake. Huwinda kwenye ukingo wa mwamba, mahali mkondo unapogonga jiwe na kuwachanganya dagaa, hasa maji ya bamvua yanapokimbia. Akishashika kitu hatapanda juu kuruka kama sulisuli. Huinamisha kichwa na kuelekea chini, kwenye mapango anayoyajua. Tabia hiyo moja ndiyo iliyoamua umbo la fimbo.

Watu wa Pasifiki na Bahari ya Hindi walimkabili kwa vifaa vya mahali pao muda mrefu kabla ya viwanda. Huko Hawaii, ulua walivuliwa kutoka kwenye majabali kwa nguzo ndefu, na chambo kikaning'inizwa juu ya maji yanayopiga mwamba. Maldives iliendeleza uvuvi wa jodari kwa mianzi mirefu isiyo na rili, na samaki huyo aliyekaushwa alikuwa bidhaa ya biashara ya bahari nzima. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuishi Maldives katika miaka ya 1340, alimkuta tayari akisafirishwa ng'ambo. Japani nayo ilikuwa na mafundi wa Edo ambao tangu mwishoni mwa karne ya 18 walijijengea jina kwa fimbo za mianzi zilizounganishwa vipande kwa vipande na kupakwa laki. Zilikuwa fimbo za samaki wadogo wa mtoni na wa ghuba, lakini utamaduni wa kuitazama fimbo kama kazi ya sanaa, ya kupimwa hadi uzito wa unyoya, haukupotea. Ulikuja kuzaa matunda makubwa miaka 200 baadaye.

Uvuvi wa samaki wakubwa kama mchezo ulianza upande mwingine wa dunia. Mwezi Juni 1898, Charles Frederick Holder alimkamata jodari wa kilo 83 kwenye kisiwa cha Santa Catalina, California, kwa fimbo na rili, na mwaka huohuo ikaundwa Tuna Club ya Avalon. Vifaa vyenyewe vilikuwa hatari. Rili haikuwa na breki ya ndani. Samaki alipokimbia, mkono wa rili ulizunguka kinyumenyume kwa kasi, ukavunja vidole vya asiye mwangalifu, na njia pekee ya kupunguza mwendo ilikuwa kubana kipande cha ngozi juu ya mshipi kwa kidole gumba. Breki ya ndani, yenye sahani zinazosuguana, ilithibitika mwaka 1913 pale William Boschen alipomvua samaki-upanga hukohuko Catalina kwa rili ya aina hiyo. Tangu siku hiyo mvuvi aliweza kupima ni nguvu kiasi gani anamzuia samaki, na fimbo ikapata kwa mara ya kwanza mzigo unaojulikana.

Fimbo za enzi hizo zilikuwa za hikori, mti mgumu wa Marekani, au za mti mzito wa Guyana uitwao grinihati. Zilikuwa imara lakini nzito, na zikikaa chini ya mzigo muda mrefu zilibaki zimepinda. Mshipi ulikuwa wa kitani kilichosokotwa, ukihesabiwa kwa idadi ya nyuzi: nyuzi 9, nyuzi 24, nyuzi 39. Kila jioni ulilazimika kuoshwa kwa maji baridi na kuanikwa, la sivyo ulioza. Katika mfumo huo kiungo dhaifu kilikuwa mshipi. Fimbo haikuhitaji ubora mkubwa, kwa sababu mshipi ungekatika kwanza. Wavuvi waliburuza chambo nyuma ya chombo, yaani walirambaza, na hakuna aliyefikiria kurusha kwa fimbo ya hikori. Ndivyo walivyovua pia wageni wa kwanza wa mchezo huu katika pwani ya Kenya, akiwemo Ernest Hemingway aliyevua Malindi mwaka 1934 baada ya safari yake ya uwindaji. Miaka mitano baadaye, Michael Lerner alianzisha New York shirika la kimataifa la kusimamia rekodi za uvuvi huo, IGFA, na Hemingway akawa miongoni mwa viongozi wake.

Mwanzi uliopasuliwa ulikuwa hatua ya kwanza ya kuitengeneza fimbo badala ya kuichonga tu. Samuel Phillippe, fundi wa bunduki na fidla wa mji wa Easton, Pennsylvania, alianza katikati ya miaka ya 1840 kupasua mwanzi kuwa vipande vyembamba na kuvigandisha pamoja, ganda la nje likiwa nje. Hiram Leonard wa Bangor, Maine, akaifanya kazi hiyo kuwa ya mashine na kuizoesha dunia fimbo ya pande sita. Hoja yao ilikuwa sahihi, na bado ndiyo hoja ya fimbo ya leo: nguvu ya mwanzi imo katika nyuzi za ganda lake la nje, kwa hiyo nyuzi hizo ziwekwe mbali na kiini, pale ambapo fimbo ikipinda hunyooshwa na kubanwa zaidi. Mwanzi uliopendwa kuliko yote ulitoka Guangdong, kusini mwa China, ukauzwa kwa jina la Tonkin. Marekani ilipozuia biashara na China mwaka 1950, mlango huo ukafungwa. Lakini kufikia hapo mwanzi ulikuwa umekwisha kupata mpinzani.

Mpinzani huyo alizaliwa kwa ajali. Arthur Howald alikuwa mkemia wa kampuni ya plastiki mjini Toledo, Ohio, mji ambao viwanda vyake vilikuwa vimeshika uongozi wa kutengeneza nyuzi za kioo. Mwaka 1944, katikati ya vita, alivunja ncha ya fimbo yake ya mwanzi akiwa anavua Michigan, na hapakuwa na mwanzi wa kuibadilisha. Akajaribu nyuzi za kioo zilizolazwa sambamba na kugandishwa kwa resini. Kampuni ya Shakespeare ilinunua wazo hilo na kuingiza sokoni fimbo ya Wonderod mwaka 1947. Muda mfupi baadaye watengenezaji wengine wa Marekani waligundua kwamba kiini cha ndani hakihitajiki kabisa: kitambaa cha nyuzi za kioo kikizungushwa kwenye mtaimbo wa chuma uliochongoka, kikaokwa, kisha mtaimbo ukachomolewa, hubaki bomba tupu lenye nguvu kuliko fimbo iliyojaa ya uzito uleule.

Fimbo ya kioo haikuoza, haikubaki imepinda, na ilivumilia kugongwa na kutupwa sakafuni mwa mashua. Kwa uvuvi wa kurambaza ilikuwa karibu kamili. Tangu mwaka 1958 kampuni ya AFTCO ya California iliifungia pete zenye magurudumu madogo ili mshipi usisuguane, na fimbo za namna hiyo, zikiwa na rili za Penn, zilikuwa kitu cha kila siku kwenye mashua za Malindi, Watamu na Shimoni kwa miaka mingi. Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mkubwa kwa mrushaji. Kioo ni kizito na ni laini. Fimbo ya kioo yenye nguvu ya kumzuia kolekole wa kilo 40 hurudi polepole ikishapindwa, ncha yake huendelea kutikisika baada ya chambo kuondoka, na mkono huchoka kabla ya saa tatu asubuhi.

Wakati huohuo vipande vingine vya mfumo vilikuwa vikikusanyika. Alfred Illingworth, mwenye kiwanda cha sufu huko Bradford, Uingereza, alikuwa ameipatia hataza mwaka 1905 rili ambayo kibiringo chake hakizunguki. Wazo lilitoka kwenye mashine zake za kufuma, ambako uzi huchomoka kwa kupitia ncha ya kibiringo kilichotulia. Rili ya namna hiyo haina uzito wa kuanza kuzunguka, kwa hiyo hurusha mbali bila kuvuruga mshipi. Nailoni, iliyotangazwa na DuPont mwaka 1938, ilimaliza enzi ya kitani. Na huko Marekani vyambo vya kurushwa vilikuwa vimeanza kuchongwa kwa mti tangu mwishoni mwa karne ya 19 na James Heddon wa Dowagiac, Michigan. Mwaka 1939 kampuni yake ilitoa Zara Spook ya plastiki, chambo chembamba kinachoyumba juu ya maji, ambacho kwa haki kinaweza kuitwa babu wa stikibeti zote. Baada ya vita wavuvi wa Cape Cod walikuwa wakirusha popa kubwa za mti kutoka ufukweni. Kilichokosekana kilikuwa fimbo inayostahili.

Nyuzi za kaboni hazikutengenezwa kwa ajili ya samaki. Roger Bacon wa Union Carbide alionyesha mwaka 1958 kwamba nyuzinyuzi za grafiti zinaweza kuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Akio Shindo wa Osaka aligundua njia ya kuzipata kwa kuoka nyuzi za akriliki, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Farnborough, Uingereza, walizivuta na kuzinyoosha zikiwa zinaokwa hadi zikawa imara vya kutosha kwa ndege. Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1971. Wajenzi wa ndege walisitasita, kwa kuwa ndege haibadilishwi malighafi kwa mwaka mmoja. Wavuvi hawakusitasita. Mwaka 1972 kampuni ya Olympic ilitoa fimbo ya kaboni ya kuvulia ayu, samaki wa mtoni anayetaka fimbo ndefu sana, na kwa hiyo kila gramu ilikuwa na thamani. Mwaka uliofuata Fenwick ya Marekani ilionyesha fimbo zake za kaboni. Hivyo fimbo ya kuvulia ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa duniani kutumia malighafi ambayo leo hujenga mbawa za ndege za abiria.

Tofauti yake na kioo inaelezeka kwa tarakimu chache. Ugumu wa nyuzi za kioo, yaani ukaidi wao wa kutokurefuka zinapovutwa, ni takriban gigapaskali 70. Nyuzi za kaboni za kawaida za Toray, T300, zina gigapaskali 230, na uzito wao kwa ujazo ni kama theluthi mbili tu ya ule wa kioo. Fimbo ya kaboni inaweza basi kuwa nyembamba zaidi, nyepesi zaidi na ya haraka zaidi. Lakini kuna tarakimu ya tatu, nayo ndiyo iliyowaponza wengi. Nyuzi za kioo zinaweza kurefuka zaidi ya asilimia 4 kabla ya kukatika. T300 hukatika ikirefuka asilimia 1.5. Kioo huonya, kaboni haionyi. Ndiyo maana wavuvi wa bahari nzito hawakuiamini kwa zaidi ya muongo mmoja, na ndiyo maana fimbo ya Shakespeare iitwayo Ugly Stik, iliyotoka mwaka 1976 ikichanganya kaboni na kioo, iliendelea kupendwa na watu wanaojali fimbo yao irudi nyumbani nzima.

Hapa kuna kosa linaloendelea hadi leo madukani. Fimbo za Kijapani huandikwa "tani 24", "tani 30", "tani 40", na wanunuzi wengi huamini tarakimu kubwa ni fimbo yenye nguvu zaidi. Tarakimu hiyo ni ya ugumu, si ya nguvu. Nyuzi za tani 40 hukatika zikirefuka takriban asilimia 1.2 tu. Kwa fimbo ya mtoni ni jambo zuri, kwa fimbo ya kolekole, zikitumika peke yake, ni balaa. Maendeleo yaliyoifaa bahari yalikuwa ya upande mwingine: nyuzi za T700 na zilizofuata, ambazo ziliongeza nguvu na uwezo wa kurefuka hadi karibu asilimia 2. Mwaka 2014 Toray ilitangaza T1100G, ambayo ilipandisha nguvu na ugumu kwa pamoja, na haukupita muda mrefu ikawa inaonekana kwenye fimbo za bei ya juu.

Badiliko lililolazimisha yote haya lilitoka kwenye mshipi. Watafiti wa kampuni ya DSM ya Uholanzi walikuwa wamegundua mwishoni mwa miaka ya 1970 namna ya kuyeyusha polithini yenye molekuli ndefu mno na kuivuta hadi molekuli zake zikalala mstari mmoja. Nyuzi hizo, Dyneema, na ndugu zake wa Marekani, Spectra, zilisokotwa kuwa mishipi ya kuvulia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mshipi wa nailoni wenye kubeba kilo 36 una unene wa karibu milimita moja. Mshipi wa polithini unaopewa namba PE 8 na Wajapani hubeba zaidi ya hapo ukiwa na unene wa milimita 0.47. Rili moja ya kurushia iliweza ghafla kubeba mita 300 za mshipi wenye nguvu ya uvuvi wa nduwaro, na mshipi mwembamba hupasua upepo na kuifikisha popa mbali. Tena nailoni hurefuka kama mpira, asilimia 20 na zaidi. Polithini hurefuka asilimia 3 au 4 hivi. Mkupuo wa mvuvi ulifika kwenye popa mzima, na popa ikalia ipasavyo hata ikiwa mita 60 mbali.

Lakini nailoni, kwa kurefuka kwake, ilikuwa imeikinga fimbo kwa nusu karne. Ilimeza mshtuko ambao sasa ulikuja moja kwa moja. Fimbo zilizoonekana imara zilipasuka kwenye pigo la kwanza. Mafundo yaliteleza, ndoana zilinyooka, pete ndogo za chuma zinazoshika ndoana zilifunguka, mshipi ulijifunga kwenye pete za fimbo ukiwa unaruka na kukatika kwa mlio kama wa bunduki. Kila kilichokuwa nyuma ya mshipi kilipaswa kubuniwa upya ndani ya miaka kumi. Kwa upande wa pete jibu lilitoka Fuji Kogyo ya Shizuoka. Pete zake za silikoni kabidi ni ngumu kiasi cha kutokwaruzwa na polithini, na hupitisha joto la msuguano haraka. Fremu za mfululizo wa K ziliinamishwa mbele ili kitanzi cha mshipi kiteleze na kutoka chenyewe kabla hakijakaza. Ni badiliko dogo la pembe, na limeokoa samaki na vidole vingi kuliko uvumbuzi mwingi wenye majina makubwa.

Bomba la fimbo ya leo hutengenezwa kwa mikono zaidi kuliko watu wanavyodhani. Nyuzi za kaboni hufika kiwandani zikiwa zimelazwa sambamba juu ya karatasi, zimeshalowa resini iliyoiva nusu, na hutunzwa kwenye friza ili zisiendelee kuiva. Fundi hulikata shuka hilo kwa kiolezo, pande ndefu zilizochongoka kama tanga la ngalawa. Ukingo mmoja hushikizwa kwa pasi ya moto kwenye mtaimbo wa chuma, kisha mashine ya kusokota hulizungusha shuka juu ya mtaimbo kwa shinikizo kali, tabaka juu ya tabaka. Nyuzi nyingi hulala kwa urefu wa fimbo, maana ndizo zinazobeba mpindo. Nyingine huzungushwa kama hoopu za pipa, nyingine hukatizana kwa pembe ya digrii 45. Juu ya yote hufungwa utepe wa plastiki unaonywea ukipata joto na kuyakamua matabaka, na fimbo huingia tanurini. Mtaimbo huchomolewa, utepe hubanduliwa, na juu ya bomba hubaki mistari midogo ya duara, alama ya utepe. Baadhi ya watengenezaji huisugua na kuipaka rangi. Wengine huiacha, kwa hoja kwamba msasa hukata nyuzi za nje, ambazo ndizo zenye kazi.

Hoopu za pipa zina sababu yake. Bomba lenye ukuta mwembamba likipanuliwa kipenyo mara mbili bila kuongezwa unene, ugumu wake huongezeka mara nane. Mtu angeweza kudhani basi kwamba fimbo bora ni bomba pana lenye ukuta kama karatasi. Haiwi hivyo, kwa kuwa bomba la namna hiyo likipindwa hubonyea na kuwa na umbo la yai, na likishabonyea huvunjika papo hapo. Hoopu na nyuzi za kukatizana huzuia bomba lisibonyee na lisijisokote. Daiwa huita mpangilio wake X45, Shimano huita wake Spiral X. Majina ni ya biashara, lakini tatizo wanalolitatua ni la kweli, na fimbo ya popa bila ulinzi huo haifai kitu.

Umbo la mpindo ndilo sehemu iliyochukua muda mrefu zaidi kueleweka, kwa kuwa linapingana na fikra ya kwanza ya kila mvuvi. Fimbo ni wenzo, ila ni wenzo unaofanya kazi dhidi ya aliyeushika. Tuseme breki imewekwa kilo 12, kitako cha fimbo kimekaa kwenye mkanda kiunoni, mkono wa mbele umeshika nusu mita kutoka hapo, na mshipi unashuka majini mita 1.5 mbele ya kiuno. Mkono huo unabeba kilo 36. Fimbo ikipinda zaidi mpaka mshipi ukashukia mita moja tu mbele, samaki bado anavutwa kwa kilo 12 zilezile, lakini mkono unabeba kilo 24. Fimbo ngumu haimwumizi samaki zaidi, inamwumiza mvuvi. Kwa hiyo fimbo nzuri ya kolekole ina ncha inayonyumbulika kwa ajili ya kurusha, na mzigo ukizidi, mpindo hushuka hatua kwa hatua kuelekea mpini, wenzo ukijifupisha wenyewe. Wavuvi wa masafa marefu wa San Diego walifika kwenye ukweli huohuo kwa njia nyingine, wakafupisha fimbo zao za kusimama hadi chini ya mita 1.8. Mrushaji hawezi kufupisha hivyo, kwani fimbo fupi hairushi. Fimbo yake hubaki mita 2.3 hadi 2.6, na ufupi anaupata kwenye mpindo.

Waliolifanya jambo hili kuwa sanaa ni Wajapani. Katika miaka ya 1980 walianza kumfuata kolekole kwenye visiwa vyao vya kusini, Tokara, Okinawa na Ogasawara, kisha Australia, Maldives na mbali zaidi. Karakana ndogo kama Carpenter na Ripple Fisher ziligawa fimbo kwa kazi moja moja: hii ya popa nzito, hii ya stikibeti, hii ya jodari anayetaka kurushwa mbali bila kishindo. Mgawanyo huo una maana. Popa hukumba maji na hutaka kitako kigumu cha kuikupua. Stikibeti ikikupuliwa kwa ncha ngumu huchupa nje ya maji na kumtisha samaki, kwa hiyo fimbo yake ni laini zaidi juu. Tarehe 22 Mei 2006 Keiki Hamasaki alimtoa huko Tokara kolekole wa kilo 72.8, ambaye IGFA ilimwandika kuwa rekodi ya dunia.

Kutoka Japani fimbo hizi zilifika sehemu nyingine za Bahari ya Hindi: Andaman, Nosy Be, Ushelisheli, na visiwa vya Hallaniyat vya Oman ambako kolekole wa zaidi ya kilo 50 si hadithi. Afrika Mashariki ilikawia kidogo, kwa sababu mchezo wake ulikuwa umejengwa juu ya kurambaza nduwaro na sulisuli. Hata hivyo ina mahali pa kumrushia kolekole: miamba ya Mafia, Mkondo wa Pemba, na Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo cha jiwe kisichokaliwa na mtu kusini mashariki mwa Unguja, ambako ndege wa baharini hutaga na mkondo hukatika pande mbili. Nahodha wa huko mara nyingi ni mtoto wa mvuvi wa mshipi wa mkono. Baba yake alimvua kolekole huyohuyo usiku kwa ndoana, chubwi na chambo cha pweza, mshipi ukizungushwa kwenye kibao, vidole vimefungwa kitambaa au mpira. Ujuzi wa nahodha ni wa wakati na wa mahali: maji yakianza kujaa asimame upande gani wa jiwe, mashua iachwe ielee umbali gani. Bila huo, fimbo ya nyuzi bora kuliko zote hurusha kwenye maji matupu.

Uangalizi wa fimbo yenyewe umebadilika pia. Kaboni huvunjika zaidi kwa makosa kuliko kwa samaki. Kosa la kwanza ni kuiinua juu samaki akiwa chini ya mashua, kwani hapo mpindo wote husongamana kwenye ncha nyembamba. La pili ni mgongano mdogo: popa ya gramu 150 ikibembea na kugonga bomba wakati wa safari huacha ufa usioonekana, na fimbo hupasuka wiki mbili baadaye kwenye mzigo mdogo. Mashua zenye uzoefu hufunga ndoana kwa kitambaa na kulaza fimbo kwenye mifuko.

Badiliko la mwisho lililoifikisha fimbo hii hadi visiwa vya mbali ni la kiungo. Fimbo ya kipande kimoja ya mita 2.5 haiingii kwa urahisi kwenye ndege, na kiungo cha katikati, cha namna ya zamani, kilikuwa pale hasa mpindo unapopita. Watengenezaji walikishusha hadi juu kidogo ya kitako cha rili, mahali ambapo bomba ni nene na halipindi sana, ili sehemu ya juu ibaki bomba moja lisilokatwa. Baadaye, nyuzi zenye nguvu zaidi ziliruhusu fimbo za vipande vitatu, ambazo viungo vyake huimarishwa kwa hoopu za ziada na kuchongwa kwa usahihi kiasi kwamba mpindo hupita bila kusita. Fimbo kama hiyo, ikiwa na uzito wa gramu 350 hadi 500, huingia kwenye sanduku la urefu wa mita moja.